Pipa la Bahari Makongeni

Mwanangu Wakoli alileta bahari nyumbani jioni moja, ikiwa kavu, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, shika polepole," akaniambia. "Hiyo ni bahari."

Nikaishika polepole. Nimezaa watoto, nimezika mume, nimevuka mto Nzoia maji yakiwa kifuani, lakini bahari sikuwa nimewahi kuipokea mlangoni. Ilikuwa na uzito wa mfuko wa unga, na nje ilichorwa samaki anayecheka. Nikaiweka karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Wakoli akaruka.

"Toa hapo, Mama! Haitaki unyevu."

Bahari haitaki unyevu. Haya. Nikaitoa.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa nimetoka Bungoma kuja kutibiwa macho, nikawa nakaa kwa Wakoli na mkewe Triza hapo Makongeni, mbali na pwani, kwenye zile nyumba za reli. Wakoli hakuwa mtu wa reli. Nyumba tuliachiwa na shemeji yake aliyehamishiwa stesheni ya mbali. Yeye alikuwa tarishi mjini, katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mkubwa wake alikuwa Bwana Ochola. Huyu Bwana Ochola alikuwa na tangi la kioo pale wageni wanapokaa, na ndani yake samaki watatu wa baharini. Aliwapenda kuliko wafanyakazi wake wote, na mimi simlaumu. Samaki hachelewi kazini na haombi ruhusa ya matanga.

Sasa ofisi ikataka kuwekwa vigae, vumbi kila mahali, samaki wakakosa pa kukaa. Na mwezi huohuo watu walikuwa wakinong'ona kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Bwana Ochola akauliza nani anaweza kuwachukua samaki kwake mpaka fundi amalize. Wakoli aliinua mkono swali likiwa bado njiani.

"Sawa," Bwana Ochola akamwambia. "Nikiwakuta hai, una kazi. Nikiwakuta wamekufa, usijisumbue kuja."

Basi samaki wakaja Makongeni na tangi lao kwa gari la kampuni, wamekaa mbele na dereva. Wakoli alikuja nyuma, kwa miguu. Mmoja alikuwa wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, mmoja buluu, na mmoja wa manjano ambaye ndiye kipenzi cha mkubwa. Wakapewa meza ya kulia chakula. Sisi tukala sahani zikiwa magotini. Triza alianza kuweka sufuria chini kwa nguvu kidogo.

Kumbe samaki wa namna hiyo hawakai na maji yaleyale. Kila wiki unatoa sehemu, unatia mengine, na hayo mengine lazima yawe bahari. Ndiyo maana ya ule mfuko. Wakoli akatafuta mapipa mawili ya plastiki, akayapanga nje kando ya mlango chini ya mabati, kwa sababu ndani palikuwa pamejaa samaki. Akavuta waya mrefu wa stima kupitia dirishani, akaleta pampu ndogo na chuma cha kupasha maji. Akasimama mikono kiunoni, akatuita.

"Hiki ni kituo cha kuchanganyia," akasema.

Mimi niliona mapipa mawili na waya. Lakini macho yangu ndiyo yalikuwa na ugonjwa, kwa hiyo sikubisha.

Pipa la kwanza lilikuwa la maji ya mfereji tu. Yakae hapo yapumzike, akasema, dawa ya jiji itoke. Triza alikuwa amesimama na mtoto mgongoni na beseni la nguo mkononi. Akauliza, "Maji yanapumzika?"

"Ndiyo. Siku nzima."

"Bahati yao."

Pipa la pili ndilo lilikuwa bahari yenyewe. Unatia maji yaliyopumzika, pampu inazungusha, chuma kinapasha yawe vuguvugu kama ya kuogesha mtoto, halafu unamwaga ile chumvi kidogo kidogo. Ukimaliza unatumbukiza kipimo cha kioo chenye kitako kizito. Chumvi ikitosha kinaelea na mstari wake unakuja juu ya maji. Chumvi ikiwa haba, kinazama. Wakoli alikuwa akichutama hapo na kusoma kile kioo kama askofu anayesoma Injili, midomo ikicheza. Siku ya kwanza mstari ulipokuja alikimbia ndani kutushika mikono.

Pipa hilo akaliandika kwa chaki: BAHARI. Halafu akatukalisha, mimi na mkewe, akashusha sauti.

"Habari ya chumvi isitoke nje ya nyumba hii. Hiyo ni chumvi ya ng'ambo. Watu wakijua, wataiba."

"Waifanyie nini?" nikamuuliza. "Chumvi hata kwa duka la Aweys ipo."

"Mama, hii si chumvi ya ugali."

"Ugali hauwekwi chumvi, mwanangu. Umesahau hata hilo?"

Lakini siri ni siri. Majirani wakajua tu kwamba kwa Wakoli kuna mapipa ya maji ya samaki. Jirani yetu wa mlango wa pili, Apondi, mwanamke wa kwaya mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, alikuja kuwaona wale samaki akainama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

"Wakoli, hawa wanakuwa wakubwa?"

"Hawakui zaidi ya hapo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasimama wima akanitazama kwa huruma, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Kukhu, pole. Yaani mnalisha tu?" Akitoka akaona lile neno la chaki, akacheka mpaka akashika ukuta. "Bahari! Na mimi nitaandika beseni langu Ziwa."

Basi wiki ile ya tatu mfereji ukakauka. Hilo Makongeni halikuwa jambo la kushangaza mtu. Mfereji wa ua ulikuwa ukikohoa asubuhi, ukitema kutu, kisha unanyamaza. Na siku kama hizo tulikuwa na desturi yetu: mwenye maji ni wa wote. Ukimkosa jirani nyumbani unafungua pipa lake, unachota, na mfereji ukirudi unarudisha mpaka pale pale ulipoyakuta, na kidogo juu yake ya shukrani. Hutangazi. Kutangaza ni kama kumwambia mtu kwamba ulidhani atakunyima.

Alhamisi Wakoli alichanganya bahari yake, maji yote ya pipa la kwanza na chumvi yote iliyobaki kwenye mfuko, akapima, mstari ukaja, akaufunga mfuniko na kuitoa pampu yake. Ijumaa mimi na Triza tulishinda hospitalini kwenye foleni ya macho. Jumamosi asubuhi Wakoli akatoa karibu nusu ya maji ya samaki akatia mapya.

"Hupimi kwanza?" Triza akauliza.

"Nilipima juzi. Maji yamefunikwa, chumvi itaruka iende wapi?" Akajigonga kifua. "Sasa hivi mimi hata kwa macho najua."

Mtaalamu alikuwa amezaliwa.

Kufika adhuhuri samaki walikuwa wakihema kama waliokimbizwa na mbwa. Wa manjano akalala ubavu. Wakoli akawapulizia hewa, akawaongezea joto, akawapunguzia joto, karibu awaimbie. Jumapili asubuhi wa manjano alikuwa juu ya maji, tumbo juu, na Bwana Ochola alikuwa ametuma habari kwamba atapita baada ya kanisa kuwasalimu watoto wake.

Triza akakimbizwa soko la Burma kuleta nyama, ili mkubwa ale kwanza kabla ya kuona maiti. Wakoli alikaa kwenye kitanda, mikono katikati ya magoti. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku tuliyomzika baba yake.

"Mama, wamekwisha sema watu kumi watapunguzwa kazi. Na mimi nilikuwa nimepona."

Nikamfunga vifungo vya shati.

Bwana Ochola alikuja na suti ya kijivu na tai, mtu mrefu mpole wa sauti. Wapole ndio wanaotisha. Nyama hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akamtazama yule wa manjano, akatazama wale wawili wanaohema. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Kipimo kiko wapi?"

Akakitumbukiza kwenye tangi. Kikazama. Akatoka nje, akafungua pipa la BAHARI, akakitumbukiza. Kikazama mpaka kikagonga chini.

"Wakoli."

"Bwana mkubwa."

"Hii si bahari. Haya ni maji ya mfereji. Chumvi yangu umemuuzia nani?"

"Bwana, naapa kwa Mungu, niliimwaga yote humo. Nikapima. Mke wangu aliona!"

"Mke wako." Bwana Ochola akautikisa mfuko mtupu ambao samaki wake bado alikuwa akicheka. "Nilikuambia wakifa usijisumbue kuja. Kufa kwao ningevumilia, kiumbe hufa. Lakini wizi?"

Triza akaweka chini sinia la nyama. Wakoli akainama kuchungulia pipani. Pipa lilikuwa limejaa, limefunikwa, na halikuwa na chumvi. Hata mimi, mama yake, nikajikuta naitazama mikono yake. Nikajichukia kwa hilo, lakini niliitazama.

Ndipo tukasikia sauti ya Apondi kutoka upande wa barabara. Tuliisikia kabla hajafika geti.

"Yuko wapi huyo Wakoli? Leo atanieleza!"

Akaingia uani na furushi kubwa la kanzu za kwaya, zile za buluu, na nyuma yake Celine wa sauti ya pili, ambaye alikuwa akijikuna shingo kwa mikono yote miwili.

"Mlitia nini kwenye maji yenu?" Apondi akalibwaga furushi miguuni pa mwanangu. "Mwezi huu kufua kanzu ni zamu yangu. Tazama! Zimekauka kama mabati! Zina mistari myeupe kama zimepitishwa kwenye unga. Na ndani ya kanisa, wimbo wa pili, jua limewaka, jasho limetoka, kwaya nzima inajikuna! Mchungaji anadhani tumeshukiwa na Roho!"

"Hata sasa," Celine akasema, akijikuna.

Bwana Ochola akageuka polepole. "Mama, ulifua kwa maji ya wapi?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye samaki."

"Basi ni maji yako! Ya pipa hilo hapo. Ijumaa mfereji ulikuwa umekauka, hawa hawakuwepo, nikachota. Na sabuni ikakataa kutoa povu, kipande kizima kikaisha, nikamtukana Aweys bure kwamba anauza sabuni bandia."

"Ulichota kiasi gani?"

"Kanzu za kwaya nzima, wewe unafikiri ni kikombe?" Halafu akakumbuka heshima yake, akajinyoosha. "Lakini nilirudisha! Jioni mfereji uliporudi nilijaza mpaka juu, na ziada. Mimi si mwizi, muulize Kukhu hapa. Sijawahi kula maji ya mtu."

Wakoli akashika kichwa. "Apondi, ulirudisha maji gani?"

"Maji ya mfereji. Kwani kuna mengine?"

Bwana Ochola akainama, suti na tai, akaokota kanzu moja kutoka kwenye furushi. Akaikunja, ikalia kama karatasi. Akaikwangua kwa ukucha, unga mweupe ukamdondokea kiatuni. Kisha mtu mzima huyo, mkubwa wa kampuni, akainua pindo la kanzu ya kwaya ya Makongeni akalilamba.

Celine akaacha kujikuna.

Bwana Ochola akaonja, akafikiri, akalamba tena upande mwingine ili awe na hakika. Akafumba macho.

"Ni yenyewe," akasema. "Chumvi yangu yote iko kwenye kwaya."

Wakoli akakaa chini palepale, kwenye udongo, na shati lake la Jumapili.

"Inuka," mkubwa wake akamwambia. "Yale maji uliyotoa kwenye tangi jana uliyapeleka wapi?"

Wakoli akamtazama mkewe.

"Yako kwenye karai chini ya kitanda," Triza akasema. "Nilikuwa nayaweka ya kupigia deki. Nani anamwaga maji na mfereji unakohoa?"

Wakapunguza kwanza maji ya tangini, kisha wakayarudisha yale yote, wanaume wawili wamepiga magoti mbele ya meza yetu ya kulia chakula, wakimimina kwa kikombe. Wa buluu na wa chungwa hawakushukuru mtu. Lakini baada ya muda wakapunguza kuhema, na yule wa chungwa akaja mbele ya kioo kututazama kana kwamba ni sisi tuliokosa maji.

"Kesho uje kazini," Bwana Ochola akasema, akijipangusa viganja. "Utanipa mfuko mwingine wa— hapana. Mimi nitakupa mfuko mwingine. Na utanunua kufuli."

"Ndiyo, bwana."

"Kufuli la nini?" Apondi alikuwa bado mlangoni. "La kutufungia sisi maji? Si mngesema tu kwamba yana chumvi? Tumekaa hapa miaka mingapi, Wakoli, mtu anajificha na chumvi kama bangi!" Akalipiga furushi kwa mguu. "Na hizi? Jumatano tunaimbia harusi. Nani atazisuuza?"

Wakoli akasema atazisuuza yeye. Apondi akamwambia kanzu ya kwaya ikilowa ni nzito, mtu mmoja hawezi kuikamua, inataka watu wawili. Akasema hivyo akimtazama Bwana Ochola, hakupepesa.

Bwana Ochola akaangalia saa. Akaangalia kiatu chake chenye unga wa bahari. Akavua koti, akanikabidhi mimi, tai akaitupa begani.

Tuliketi kizingitini, mimi na Triza, tukala ile nyama ya Burma kwa utulivu. Mkubwa alishika ncha moja ya kanzu, mwanangu akashika nyingine, mmoja akazungusha huku na mwingine kule, na Apondi akasimama katikati na ndoo akiwaambia wazungushe vizuri, si vile wanavyofanya kazi ofisini.