Nyumba Haikuvuka Barabara

Delmer Hargis alikuwa wakili wa jimbo la Tennessee, Marekani, na Shangazi Verlene, aliyemlea tangu ana miaka sita, alikaa jimbo jirani la Virginia. Kati yao palikuwa na barabara moja tu, yenye vibao vya shaba katikati kuonyesha jimbo moja linaishia wapi. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakuombea afya.

Jumanne hiyo Shangazi aliingia ofisini kwake na pai ya tufaha, na karatasi ya kampuni iliyotaka kununua nyumba yake. Mwisho wa kutia sahihi ni Ijumaa.

"Juzi kwangu ulisema huruhusiwi kunishauri Virginia," alisema, akajitupa kitini. "Haya, nimevuka. Niko Tennessee. Soma."

Delmer hakujua acheke au alie. "Umevuka wewe, Shangazi. Nyumba haijavuka. Sheria yake ni ya kule, na leseni yangu ni ya huku."

"Nimekufunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu, leo unaniletea habari za leseni?"

Hapo alimpata. Mwaka juzi Delmer alimsaidia jirani wa ng'ambo ya barabara na hati ya shamba, akaandikiwa barua ya onyo na bodi ya mawakili. Ya pili ingeweza kumwondoa kazini. Lakini hilo silo aliloliogopa zaidi.

"Sheria za kule sizijui vizuri," alisema. "Nikibahatisha nikakosea, utalala wapi? Twende kwa Peake."

"Ruthanne Peake? Si ndiye aliyekugaragaza mahakamani, ukaapa hutakanyaga kwake?"

"Ndiye. Ana leseni za pande zote mbili, na ni mkali kuliko mimi." Kulisema kulimuuma, lakini alilisema.

Wakavuka. Peake alimtazama Delmer juu ya miwani, kalamu mkononi. "Nataka kuandika nani yuko chumbani. Hargis, umekuja kama nani?"

Kwa miaka thelathini Delmer alikuwa na jibu moja la swali hilo, wakili, na alilipenda sana. Alilimeza.

"Mtoto wake. Nimembebea pai."

Shangazi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, aliutafuta mkono wa Delmer chini ya meza, akaushika.

Peake alisoma taratibu. Kwenye ukurasa wa nne kalamu ilisimama. "Hapa wanasema ukishatia sahihi, unahama ndani ya siku kumi."

"Siku kumi! Waliniambia nitakaa mpaka nife!"

"Basi waandike hivyo. Mpaka hapo, usitie sahihi."

Walitoka pamoja. Kwenye vibao vya shaba, Delmer alisimama ili kila mmoja ashike njia yake. Shangazi hakumwachia mkono.

"Unakwenda wapi? Pai yenyewe umeisahau kwa huyo mwanamke," alisema. "Njoo nyumbani, nikupikie nyingine."