Koti la Simu

Mtaani walimwita Fundi Lastiki, kwa sababu kitu chochote kilicholegea alikitia lastiki: kiuno cha suruali, mdomo wa mfuko, hata mlango wa kabati la mama yake. Kwa hiyo simu yake ilipoanza kuvimba mgongoni mpaka kifuniko kikabenuka, hakuwaza mara mbili. Aliipima kwa futi, akakata kitambaa kizito, akaweka sponji ndani na lastiki pembeni, akaishonea koti. Likaibana, ikatulia. Alijisifu kutwa nzima, na kusema kweli mshono ulikuwa safi. Akili ndiyo iliyokuwa likizo.

Aliichajia chumba cha nyuma ya duka lake la kushonea, kwenye kitanda cha mama yake. Soketi za dukani zilikuwa na wenyewe, cherehani na pasi, na meza ya cherehani ilitetemeka hivi kwamba simu ilishaanguka mara mbili. Mama alishinda humo chumbani, maana miguu yake ilikuwa imegoma siku hizi. Aliwahi kuibonyeza simu hiyo bila kujua, akampigia mteja mmoja mara kumi na moja. Tangu siku ile Lastiki alimwekea sheria: "Mama, simu usiiguse. Hata itokee nini, usiiguse."

Alasiri moja alimpelekea fundi simu mmoja suruali yake aijaribu. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa tatu, na mwenyewe hakuwa na wa kumwachia kazi. Fundi simu akapanda juu ya kreti la soda, Lastiki akapiga magoti kupima pindo, pini mdomoni. Pini hazikumzuia kuongea. Hakuna kilichowahi kumzuia.

"Nyie mafundi simu mtakosa kazi. Yangu ilibenuka mgongo, nimeishonea koti, imenyooka kabisa."

"Ilibenuka vipi?"

"Imevimba tu, kama tumbo la mtu aliyeshiba."

Fundi simu akaacha kucheka. "Dada, hiyo ni betri. Iko wapi sasa hivi?"

"Kwenye chaji."

"Pamoja na koti?"

"Sasa ikae uchi?"

"Iko juu ya nini?"

Lastiki akatoa pini mdomoni. "Juu ya kitanda cha mama."

"Betri ikivimba haibanwi, haifunikwi, na chaji haitiwi tena! Ikipata moto inalipuka. Mpigie mama atoke humo ndani!"

"Atapokea simu gani? Simu ndiyo hiyo!"

Wakatoka mbio. Fundi simu alinyakua ndoo ya mchanga mkavu aliyoiweka kibandani kwa balaa kama hizo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa kwa pini, mwingine unafagia barabara. Kila hatua mbili pini ilimchoma, naye akapiga yowe. Watu waliokaa vibarazani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lastiki hakuwasikia. Alisikia sauti yake mwenyewe tu: hata itokee nini, usiiguse. Na mama yake alikuwa mtu wa kushika neno. Angekaa pale pale kando ya moto, mikono mapajani, akitii. Lastiki aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe.

Duka lilikuwa wazi. Hakukuwa na moshi. Chumbani, kitanda kilikuwa kitupu, na juu ya shuka limelala koti, lastiki imelegea.

"Mama!"

"Niko huku uani. Mbona makelele?"

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mzima wa afya, anahema kidogo. Hatua kadhaa mbele yake, peke yake juu ya sakafu ya saruji, ilikuwapo simu.

"Usinigombeze, mwanangu," alisema. "Najua ulinikataza. Ilinigusa paja nikashtuka, joto lake! Halafu harufu, kama ya rangi ya kucha. Nimelea watoto sita mimi. Mwenye homa humvalishi koti. Nikachomoa waya, nikaivua, nikaishika kwa kitambaa, nikaja nikaisukumia huko ikapunge upepo."

Fundi simu aliishika kwa kitambaa, akaizamisha taratibu kwenye mchanga wa ndoo, akaufunika mgongo wake uliovimba, kisha akaipeleka ndoo mbali na kamba ya nguo. "Mama, umefanya kuliko wengi wenye vyeti. Hii haiingii tena ndani. Naondoka nayo mimi." Halafu akaketi chini na kuanza kujitoa pini moja moja.

Lastiki alicheka huku machozi yanamtoka. "Umefikaje huku na miguu hiyo?"

"Nimetambaa kidogo, nimeshikilia ukuta kidogo. Si mbali." Mama akainamisha macho. "Pole kwa simu yako. Umekuja mbio hivyo kwa ajili yake, na mimi nimeivuruga."

 Lastiki alikaa kando yake, akamkumbatia.

"Sikuikimbilia simu, mama," alisema. "Nimekukimbilia wewe."

 Ingawa miguu ilimuuma, mama alijivuta kidogo, akampisha kizingitini akae vizuri.