Kusubiri Zamu katika Toleo la Tatu

Toleo la tatu la Taji la Chuma limeharibu vita. Nimemwambia Mwalimu hivyo, nimewaambia hivyo wateja waliokuja kubadilishiwa skrubu za miwani bila kuniuliza kitu, na nitasema tena. Mchezo wenyewe ni wa mezani: karatasi, penseli, dadu, na watu wachache wanaojifanya mashujaa mbele ya msimamizi anayewasimulia yanayowakuta. Watu wazima, ndiyo. Wanaotucheka na watucheke.

Katika toleo la kwanza, vita vikianza kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi atakachofanya, anakilaza kifudifudi, kisha vyote vinafunuliwa pamoja. Ulichoandika umeandika. Ukiandika kwamba unavuka shimo na mwenzako akaandika kwamba anauvuta ubao wa kuvukia, shauri yenu. Toleo la pili likagawa watu: upande mmoja unapiga wote, halafu upande wa pili. Si vibaya, ila ni vita vya watu waliopanga foleni. La tatu ndilo lililotuletea zamu. Kila mtu anaona wenzake wamefanya nini ndipo anaamua, na asipotaka kuamua anasema "nasubiri," na anaruhusiwa kusubiri mpaka raundi iishe. Subira yavuta heri, sikatai. Lakini vitani?

Mke wangu analipenda toleo la tatu. Hapo ndipo penye kidonda.

Yeye ni mkunga. Miezi ishirini na tatu iliyopita alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya mji mwingine, safari ya siku moja na nusu kwa basi, mkataba wa miaka miwili. Tulikubaliana. Miaka miwili si milele, tulisema, tukacheka huku tukilifunga sanduku lake kwa mkanda wangu wa suruali. Sasa umebaki mwezi mmoja, hospitali imemwomba aongeze mkataba, na mpaka Ijumaa iliyopita alikuwa hajaniambia atawajibu nini. Mimi nilikuwa sijamuuliza. Kila siku saa saba mchana, sote wawili tukiwa mapumzikoni, ananipigia simu, na tunabishana kanuni za vita.

"Unaona kwanza, ndipo unaamua," huniambia. "Wewe unataka watu wajirushe tu kama vipofu."

"Nataka watu waaminiane."

"Huku kwetu tunacheza la tatu, na hakuna aliyekufa bure."

Huku kwetu. Amepata kikundi huko, wauguzi wawili na dereva wa gari la wagonjwa, wanacheza kila Jumapili. Nilifurahi alipowapata, sisemi uongo. Lakini siku ile aliposema "huku kwetu" nilirudi dukani nikaisaga lenzi ya mzee mmoja mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikabidi nimwombe radhi na kuanza upya.

Mimi na mke wangu tulijuana mezani kwa Mwalimu. Yeye anafundisha hesabu sekondari, na ndiye msimamizi wetu tangu ujana. Mke wangu alikuja siku ya kwanza na shujaa mbeba ngao, na tangu hapo tunamwita Ngao. Mimi nilikuwa mpiga mishale. Tulikuwa hatujasalimiana hata vizuri. Vikaratasi vilipofunuliwa, chake kiliandikwa: "Nasimama mbele ya mpiga mishale." Changu: "Nafyatua, sikimbii." Mwalimu alivisoma vyote viwili, akavua miwani, akasema, "Hawa wawili tayari." Kwa miaka kumi na moja vikaratasi vyetu vilikuwa vikipatana. Sikuwahi kuhitaji kumuuliza atafanya nini. Pengine hayo ndiyo maradhi yetu.

Nina hamu naye. Niseme tu. Nina hamu na kelele zake akikuta bisibisi zangu kwenye meza ya kulia, na anavyovua viatu mlangoni kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa kingine, halafu anaviacha hapo hapo nijikwae. Nimeshindwa kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Nakula viporo.

Mwalimu, aliyechoshwa na ubishi wetu, ndiye aliyeleta shauri la kuyapima matoleo yote matatu kwa vita vile vile: lango la ngome, walinzi sita wa kadibodi, mateka ndani. Tukakutana Ijumaa alasiri sebuleni kwake, mimi na yeye, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na mke wangu upande wa pili, katika chumba cha wauguzi.

Tulianza na toleo la kwanza. Niliandika bila kufikiri, kama nilivyoandika miaka yote: "Nasimama wazi, nafyatua." Wazi, kwa kuwa Ngao yupo mbele yangu.

"Haya, shemeji, soma chako," Mwalimu alisema.

"Naingia langoni peke yangu," mke wangu alisoma, "namtoa mateka."

Nilikufa hapo hapo. Mikuki mitatu.

"Jamani, ulisimama wazi?" aliuliza.

"Nilijua utakuwa mbele."

"Na mimi nilijua utajificha kwanza. Huku mpiga mishale hujificha kwanza."

Toleo la pili tulilicheza haraka haraka, tukashinda, na sikumbuki lolote. Kisha la tatu. Mwalimu alitupa dadu, zamu yangu ikatoka ya kwanza. Safari hii sikutaka kufa kijinga.

"Nasubiri," nikasema.

"Shemeji?"

"Nasubiri."

Walinzi wa lango, kwa amri waliyopewa, hawatoki mpaka washambuliwe. Raundi ya pili, nasubiri, nasubiri. Raundi ya tatu hivyo hivyo. Mwalimu akaziweka dadu mezani.

"Walinzi wanapiga miayo," alisema. "Mateka kaota mvi."

Alinitazama mimi, akaitazama simu, akainuka. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nakwenda kuchemsha chai, na jiko langu si la haraka." Akaufunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Unasubiri nini?" mke wangu aliuliza.

"Nione wewe utafanya nini."

"Na mimi nakusubiri wewe."

"Pale langoni?"

"Usinifanye mtoto, mume wangu. Mwezi mzima hujaniuliza habari ya mkataba. Kila nikishika simu nasema leo ataniuliza, na wewe unaniletea habari za vikaratasi."

"Niliogopa. Kazi hiyo unaipenda. Nilisema nikikuuliza nitakuwa nakufunga kamba."

"Mimi nilidhani umeshazoea. Nilidhani nyumba inakutosha peke yako."

Inanitosha! Nilitaka kucheka. Nikamweleza habari za viporo. Nikamwambia kwamba nalala ukingoni mwa kitanda kama mpangaji, na kwamba wateja wananikimbia kwa ubishi wa mchezo wasioujua, maana ni ubishi wangu na yeye na sina mtu mwingine wa kumbishia. Kisha nikapiga moyo konde nikalitoa neno nililolimeza mwezi mzima.

"Rudi."

Upande wake kilipita kitoroli, magurudumu yakilia sakafuni. Kikafika mbali. Nikamsikia anavuta makamasi.

"Nimesaini Jumatano," alisema. "Mwaka mmoja mwingine. Ungeniambia Jumanne..."

Hakumaliza. Siku mbili. Nilikuwa na mwezi mzima mkononi, nikashindwa kwa siku mbili. Niliikasirikia hospitali, nikamkasirikia Mwalimu na walinzi wake wa kadibodi, nikamkasirikia hata aliyeandika kitabu cha kanuni, na hasira ilipokosa pa kwenda ikanirudia mwenyewe. Mke wangu ningemlaumu kwa lipi? Alinipa kila siku saa saba mchana, na mimi nikaijaza vita vya kwenye karatasi.

"Wapo mafundi wa miwani huko?" niliuliza.

"Nini?"

"Mafundi wa miwani. Wapo?"

"Yupo mmoja, karibu na soko. Watu wote wanamlalamikia."

"Basi nakuja."

"Acha utani. Na kazi yako? Tajiri wako utamwambia nini?"

"Macho mabovu yapo kila mji. Nitamwambia ukweli, kwamba mke wangu yuko mbali na nimechoka. Nyumba tutaipangisha. Mwisho wa mwezi nitakuwa nimemaliza miwani za watu na..."

"Usiseme kama hujaamua. Tafadhali. Nitashindwa kazi."

"Nimeamua."

Jikoni vikombe viligongana, kisha vikanyamaza. Nikaiinua simu kutoka kwenye kopo la sukari, nikaisogeza karibu.

"Mwisho wa mwezi ni mbali," mke wangu alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia karibu miaka miwili. "Njoo kabla."