Anguko la Zege

Kazi yangu ni kutazama televisheni na kuisema vibaya. Gazeti liliniajiri kwa hilo, na tangu nianze sijawahi kukosa cha kusema. Watu wa vituo vya televisheni wananiita Wembe. Tukikutana kwenye korido wananichekea meno nje, huku moyoni wananiapiza. Sijali. Anayetaka kusifiwa na akaalike shangazi zake.

Kwa hiyo mhariri aliponikabidhi kipindi kipya cha mieleka, Kishindo, kilichokuwa kinaanza Jumamosi baada ya taarifa ya habari, alidhani amenipa kitoweo. Hakujua kwamba mmoja wa wanamieleka wale, jitu lenye kipara lililobandikwa kila ukuta wa mji kwa jina la Zege, ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Sikumwambia, maana angenipokonya kazi ile akampa yule bwana mdogo wa ukurasa wa michezo ambaye kwake kila kitu ni cha kihistoria.

Nilikwenda kukitazama nyumbani kwa mama. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa wiki kadhaa nyuma, hivyo Zege mwenyewe alikuwa nasi sebuleni, amejikunja kwenye kochi ambalo lililia kila alipojitikisa. Mama alikuwa amewaita majirani wa ukuta kwa ukuta akawaketisha mbele kabisa, sisi wanawe tukabanana nyuma. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa Zege kwa kidole, kama vile mtu anaweza kuingia chumba kile asimwone.

Nitasema haki: kilikuwa kipindi kibaya chenye raha yake. Walimwaga moshi ulingoni mpaka mwamuzi akakohoa. Mtangazaji alianza kupiga kelele tangu kwenye salamu, hivyo mambo yalipochacha kweli hakubakiwa na sauti ya kuongeza. Mpiga picha mmoja alikuwa akifuata ngumi badala ya nyuso, ukaona wazi kwamba ngumi hazifiki. Lakini alipopanda mdogo wangu, hata mimi niliacha kunung'unika. Hakuwa na haraka. Aliwatazama watu kama mtu anayetafuta ni nani kati yao kamwibia viatu, nao wakamzomea kwa raha zao zote. Nilijisikia fahari mpaka nikakunja uso ili isionekane.

Kisha mpinzani wake, anayeitwa Kifaru, akamnyanyua juu kichwa chini, miguu ikitazama taa, akamwangusha.

Mieleka ya televisheni ni maigizo, na mshindi anajulikana kabla tiketi hazijachanwa. Lakini kuanguka hakuigizwi. Mtu anaanguka kweli, kwenye mbao zilizofunikwa turubai, na kuna namna yake: kidevu kifuani, mgongo ufike wote kwa pamoja, na mikono miwili ipige turubai kwa viganja. Mikono ndiyo inayotoa ule mshindo unaowasimamisha watu, na ndiyo inayogawa uzito usiende wote mahali pamoja. Nayajua haya kwa sababu mdogo wangu alijifunzia kwenye godoro la mama, mama akiwa sokoni, mimi nikiwa mwamuzi, mtazamaji na mtu wa kusema mama anakuja.

Safari hii mikono haikupiga. Kidevu kilikuwa juu, shingo ikatangulia, na mikono ikadondoka ubavuni kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Kifaru alimlalia juu kumbana mabega, na hapo nikaona kitu ambacho watazamaji hawakiangalii. Alimshika kiganja akakiminya. Ndivyo wanavyoulizana hali bila watu kujua, na aliye mzima huminya naye. Kiganja cha mdogo wangu kilibaki wazi. Kifaru akaminya tena. Mwamuzi alihesabu harakaharaka, kengele ikalia, majirani wakapiga makofi, na mtangazaji akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayejua kulala kama maiti namna hii.

Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa anatabasamu, ameshika kikombe mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, na nikakumbuka kwamba tangu nifike sijauona ukitoka humo.

Nilimfuata jikoni. Sikumuuliza kitu, nilimpa kibiriti nikamwambia aniwashie jiko. Akakitazama kidogo, akautoa mkono. Vijiti vyote vilimwagika sakafuni.

"Inakuja na kuondoka," alisema. "Vidole vinakufa ganzi, halafu vinarudi."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari gani, dada? Nikienda ataniambia nisicheze. Halafu niwe nani?"

Akanieleza yaliyobaki huku akiokota vijiti kwa mkono mmoja. Mtayarishaji alilipenda lile anguko mno, akaamua liwe ndilo alama ya kipindi: kila wiki Kifaru atamnyanyua vilevile na kumwangusha vilevile. Kipindi cha pili kingerushwa mubashara Jumamosi inayofuata. Mdogo wangu ameanguka kwenye viwanja vya shule na kwenye karakana ya matairi tangu ndevu hazijamtoka, bila kamera, mbele ya walevi na mbwa. Sasa watoto wanamfuata barabarani. Aliniomba niandike lolote nitakalo, kwamba ni mnene, kwamba anatembea kama kabati, ila hilo la shingo nisiliguse. Wenzake wangesema ametoa siri ya ulingo nje, na anayetoa siri hapandishwi tena popote.

Nilimwambia nimesikia. Kisha nikaenda ofisini nikaandika.

Sikuweka mzaha hata mmoja, na kwangu hiyo ni kama kuvuka barabara uchi. Niliandika hivi: "Anguko mlilolishangilia halikuwa maigizo. Mtu yule aliumia shingo mbele ya macho yenu, na mkono wake wa kushoto hauwezi kushika kibiriti. Najua kwa sababu ni mdogo wangu. Asipandishwe ulingoni tena mpaka daktari amwone."

Mhariri alisoma akiwa amesimama. Alifunga mlango, akanipa vidonge vyangu kwa kumficha undugu ule, nikavimeza. Halafu akasoma tena, akasema isiguswe hata nukta. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele, na kichwa cha habari cha kwake mwenyewe: DADA WA ZEGE AVUNJA UKIMYA. Chini yake picha ya mdogo wangu amelala chali. Gazeti liliisha kabla ya chai ya asubuhi, nami nikaamini, kwa ujinga wangu wote, kwamba nimemwokoa.

Wa kwanza kunizindua alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu. Aliniita nikipita, akanishika mkono kwa heshima, akasema tumeitunga vizuri sana, yeye mwenyewe nywele zilimsimama. Nilimwambia hatujatunga kitu. Akanikonyeza. Mwenye duka naye akakonyeza. Ofisini, mabwana ambao hawajawahi kunisalimia walinitania kwa kunishika shingo. Nilianza kuelewa. Watu waliniamini, lakini waliniamini kwa ile namna wanavyoiamini mieleka, kwa moyo wao wote, pasipo kufikiri kwamba kuna anayeumia.

Mtayarishaji alinipigia kunishukuru. Alisema waandishi wake wamekesha wiki nzima wakitafuta hadithi ya kumfanya Zege apendwe, na mimi nimeimaliza kwa aya moja. Maneno yangu yalikuwa tayari kwenye tangazo, yakisomwa kwa sauti nzito juu ya picha ya anguko. Nilimwambia sichezi.

"Hivyohivyo," alisema. "Usitoke kwenye uhusika."

Nilikwenda ofisini kwake kumkabili. Sikuketi. Nilimwambia kwamba mtu yule atakufa au atalala kitandani maisha, na kwamba nataka jambo moja tu, daktari. Kicheko kikamfutika usoni. Aliweka mkono kifuani, akasema nina haki kama dada. Daktari atakuwepo, atampima Zege shingo kabla ya pambano, hadharani, ili pasiwe na maneno. Nilitoka nikimshukuru, tena kwa kumshika mikono miwili.

Mdogo wangu nilitegemea anichape makofi. Alikuja kunikumbatia, kwa mkono mmoja. Alisema alidhani nimemmaliza, kumbe nimempaisha.

Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyelisoma gazeti lile kama lilivyoandikwa, naye ni mama. Hakula. Alilia mpaka macho yakavimba, akaapa kwamba Jumamosi atakwenda mwenyewe kumshusha mwanawe ulingoni kwa kanga yake. Mdogo wangu aliketi sakafuni miguuni pake, akamwambia atulie, ni mchezo tu, yeye na dada wamepanga yote. Hata habari ya mkono.

"Si kweli, mama," nilisema. "Anaumwa. Mwambie akuonyeshe mkono."

Akautoa. Siku ile vidole vilikuwa vimerudi. Alivikunja na kuvikunjua mbele ya uso wa mama, polepole, akamfinya shavu. Mama alinitazama, akaanza kucheka na machozi yakiwa hayajakauka. Alisema mimi nami tangu utoto nikianza jambo siachi. Niliapa kwa jina la baba yetu. Alicheka zaidi, akanisukuma begani, akaenda kupasha chakula.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nilipewa kiti cha mbele kabisa, karibu na uzio, na kuna watu walikuwa wamebeba mabango yenye sentensi zangu. Daktari alipanda mwanzo kabisa kama nilivyoahidiwa, mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe na kifaa cha kusikilizia moyo. Alimgeuza mdogo wangu shingo huku na huku. Alimpa mkono aminye, na mdogo wangu akatoa wa kulia.

Nilisimama nikapaza sauti kwamba ampime wa kushoto. Waliokuwa nyuma yangu waliidaka, wakaipeleka kwa wenzao, na muda si muda ukumbi mzima ulikuwa unaimba wa kushoto, wa kushoto, huku wanapiga miguu chini. Daktari aliwapungia. Akainua kidole gumba, watu wakalipuka kwa shangwe.

Pambano sitalieleza. Sikuliona, nilikuwa naangalia mkono mmoja tu, na jinsi alivyokuwa akiubana ubavuni usimwaibishe. Kifaru alisita kabla ya kumnyanyua. Nilimwona mdogo wangu akimwambia kitu sikioni, akimhimiza, na Kifaru akamnyanyua. Miguu ikatazama taa. Alipofika chini, mikono haikupiga.

Niliruka uzio. Mlinzi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumng'ata ikibidi, alinisogezea kamba ya ulingo kwa adabu ili nipite nisijikwae. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba dada yake, dada yake mwenyewe, anaingia ulingoni, na watu wote walikuwa wamesimama. Niliwaambia waite gari la wagonjwa. Wakaitikia kwa pamoja, gari, gari, wakipiga makofi kwa mahadhi.

Kifaru alikuwa amepiga magoti, amekishika kiganja cha mdogo wangu kwa mikono yake yote miwili. Jasho na machozi vilikuwa vinamdondoka puani. "Haminyi, dada," alikuwa anasema. "Haminyi." Mdogo wangu alikuwa na macho wazi, anayatembeza, anatafuta. Alinipata. Mdomo ulisogea lakini hapakuwa na pumzi ya kutolea neno.

Daktari alifika mbio, koti likipepea. Nilimshika kola nikamvuta chini, nikamwambia afanye kitu, afanye chochote. Uso wake ulikuwa umekauka. Alipiga magoti, akauinamisha mdomo hadi sikioni kwangu ili kipaza sauti kisidake.

"Mimi mwigizaji, dada," alisema. "Nilipewa koti tu."

Nikapiga kelele kutaka daktari wa kweli, na ukumbi ukaona hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mwamuzi ndiye aliyeshuka hatimaye akakimbilia mlangoni, na hata yeye alipigiwa makofi njia nzima. Nilibaki nimekipakata kichwa cha mdogo wangu bila kuthubutu kukisogeza. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Sijui kwa nini niliipokea. Labda nilidhani mtu anauliza walete gari mlango upi.

Alikuwa mama. Nyuma yake niliwasikia majirani wakishangilia sebuleni.

"Mwanangu, nawaona wote wawili hapa," alisema, sauti imejaa kicheko. "Mwambie mdogo wako leo sijaogopa hata kidogo, kalala vizuri mno. Na wewe, kumbe unajua kulia."