Mate ya Jeremiah Thanasi

Jeremiah Thanasi alikuwa akinywa kahawa chungu katika kikombe kidogo kama cha mtoto cha kuchezea, na kila funda lilimkunja uso. Kanisa lake la Wasabato liliikataza, na ulimi wake haukuipenda hata siku moja. Lakini babaye alikuwa Mgiriki wa Thesalonike, na Wagiriki, kwa alivyosikia, hunywa kahawa. Basi akanywa, akateseka, akajiona mwenye asili.

Terry, binti wa marehemu kaka yake, alimtazama kwa dharau aliyoilea tangu utotoni. Alikuwa mwalimu wa historia huko Awendo, na machoni pake baba yake mdogo alikuwa kichekesho kilichovishwa suti. Duka lake la vifaa vya ujenzi mjini Migori lilipakwa buluu na nyeupe, rangi za bendera ya Ugiriki. Kila mji wa Thesalonike ulipotajwa mimbarini, alikohoa kidogo kama mtu aliyeitwa jina. Na ile pua! Mteja aliyekuja kununua misumari hakuondoka kabla hajageuziwa pua huku na huku aone ilivyonyooka.

"Terry, hiyo history ya familia iandike vizuri," Jeremiah alisema. "Huyo mama wa Ugiriki anakuja mwezi wa nane. Na Jumapili hii mimi natuma mate yangu. Wapime DNA, waone damu ni moja."

Mama huyo, mjukuu wa nduguye mzee Thanasi, babaye Jeremiah, alikuwa ameliona jina lao mtandaoni, akaandika, kisha akatuma kichupa cha kutemea. Jeremiah naye akawaalika wazee wa kanisa washuhudie. Mtu mzima wa miaka sitini, anaita watu waje kumwona akitema mate!

Siku ya Alhamisi Terry alishuka Karungu kwa nyanya yake, Rael, mama yake Jeremiah. Alimkuta uani akibambua karanga.

"Nyanya, babu Thanasi alikufa mwaka gani?"

"Mwaka wa ile mafuriko kubwa."

Kalamu ya Terry ilisimama. Mafuriko yale yalikuwa ya 1961. Baba yake alizaliwa 1963, na Jeremiah 1965.

"Mimi huyo mzee sikumwona," Rael alisema, wala mikono yake haikuacha karanga. "Nilikuta kaburi."

Akasimulia kana kwamba anaeleza njia ya kwenda sokoni. Thanasi alikuja kutafuta dhahabu ya Nyatike, akaishia kufungua duka hapo Karungu na kumwoa Matiko, mwanamke wa Kikuria. Hawakujaliwa mtoto. Alipokufa, Matiko alienda kwao na ng'ombe wanane, akamwoa Rael. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu ya Wakuria: mwanamke asiye na mwana huoa mwanamke mwenzake ili nyumba isizimike. Mwanamume huchaguliwa, huja, huenda zake, na hana chake. Watoto ni wa mwenye nyumba, hata kama amelala kaburini.

Terry alicheka hadi machozi yakamtoka. "Na ile pua ya Kigiriki, nyanya? Ni ya nani?"

"Ya mvuvi mmoja wa Sori. Alikuwa na pua nzuri."

Hapo Terry akajishika mbavu. Rael alimwacha amalize.

"Cheka tu," alisema. "Ukimaliza, uniambie hilo jina lako utarudisha wapi. Hata Thanasi mwenyewe aliokotwa. Matiko aliniambia. Mji wao uliungua, yeye akiwa mtoto mchanga, na huko kulikuwa na watu wa kila namna, Wayahudi, Waturuki, Wagiriki. Mtu wa kuoka mikate akamtoa kwa moto. Nani angejua ni wa nani? Akapewa jina na mkate, akakuwa wa hapo."

"Baba mdogo anajua?"

"Hiyo haiulizwi. Ukiuliza mtoto ni wa nani, ni kama umerudisha ng'ombe wa mahari, umevunja nyumba."

Terry alirudi Awendo moyo ukimchezacheza. Kitanda hakizai haramu, sawa, lakini yeye hakuwa na haja na kitanda. Haja yake ilikuwa ile pua. Angekaa kimya. Mate yangesafiri, majibu yangerudi, naye angekuwapo kuuona uso wa Jeremiah ukianguka. Aliifurahia siku hiyo mapema, kama mtu aliyealikwa anayenusa pilau ya jirani.

Jumapili sebule ilijaa. Wazee watano wa kanisa walikaa wamekunja mikono juu ya matumbo yao, na Rael akaketishwa karibu na mlango. Jeremiah alifungua kichupa, akampa Terry kifuniko amshikie, akainama. Mate hayakutoka. Kahawa ilikuwa imemkausha kinywa. Akajaribu tena, akavuta shavu huku na huku, na hatimaye yakadondoka kwa shida.

"Na majibu yakikataa, Thanasi?" aliuliza Mochama, mzee wa kanisa mwenye kitambi na ulimi mwepesi. "Si itabidi mama atuambie alipitia wapi!"

Sebule nzima ikacheka. Rael hakuinamisha kichwa. Alilainisha gauni lake magotini, mara moja, kisha tena. Terry alikisikia kicheko cha Mochama na akakitambua: kilikuwa chake mwenyewe, kile cha Alhamisi. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Alikuwa amechimba shimo la kumtumbukiza mpumbavu mmoja, na aliyesimama ukingoni alikuwa nyanya yake.

Jeremiah naye alicheka, tena kwa sauti, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya cha wengine. Akamtazama mama yake, kisha haraka akatazama sakafu. Ndipo Terry alipong'amua kwamba baba yake mdogo pia alijua kuhesabu miaka. Alikuwa amejua sikuzote, na akanywa kahawa vivyo hivyo.

"Kifuniko, Terry," Jeremiah alisema, akinyoosha mkono.

Terry alifumba kiganja. "Ngoja nisome kwanza, baba."

Maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo. Alifungua daftari, akaruka kurasa zote alizoandika kwa kejeli, akasoma ambayo hayakuwa yameandikwa.

"Mwaka wa 1917 mji wa Thesalonike uliungua. Mwoka mikate mmoja alimtoa mtoto motoni. Hakumjua ni wa nani, wala hakuuliza. Mtoto huyo ndiye Thanasi."

"Hakuuliza?" Jeremiah alinong'ona.

"Hakuuliza."

Jeremiah alikiweka kichupa wazi kwenye kisahani, kando ya kahawa iliyopoa. Mochama alikohoa, akauliza kama posta hufunguliwa mapema kesho. Terry akakitia kifuniko mfukoni.

"Soma tena, kwa sauti," Rael alisema kutoka mlangoni. "Huyo mzee wa kanisa asikie."