Mimi Nimeshakula

Kila asubuhi, moto ukiwa bado haujashika mafigani, Bibi Priska alinyoosha mkono akangoja. Binti yake Emilia alikuja kupiga magoti mbele yake, akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama," kisha akampa mkono wake wa kushoto. Kikongwe aliupapasa kuanzia kiwiko hadi begani, akaminya pale penye nyama, na uso wake ukatulia.

"Mbukwa, mwanangu. Umeamka salama."

Macho yake yalikwisha kuliwa zamani na ugonjwa wa vikope. Sasa alimwona binti yake kwa vidole.

Na wa kuminywa alikuwapo! Tusipindishe maneno, Emilia alikuwa mnene kweli kweli, mnene wa kupita mlangoni kwa ubavu. Pale Msalato watu walimsifu. Mumewe Sostenes, mnyapara wa genge la reli, alitembea kifua mbele, maana mke aliyenona ni sifa ya mume, na majirani wakasema huyo kweli anajua kutunza. Hakuna aliyesema ni ugonjwa, mpaka moyo wenyewe ulipoanza kusema. Miguu ikavimba. Safari ya kisimani ikawa ya kuketi njiani mara kwa mara. Usiku hakuweza tena kulala chali; aliegemea ukuta, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbizwa.

Sostenes alimpeleka mjini kwa Daktari Harshad, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Dodoma na aliyesema Kiswahili bila kutafuta maneno. Daktari alimsikiliza kifua.

"Moyo wako unabeba watu wawili, mama. Usipopungua, mvua za mwakani hutaziona."

Kisha akamweleza vizuri. Ugali uwe mdogo, mboga za majani ndizo zijae bakuli. Samli, sukari na vitumbua aviage. Atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka boma tu. "Na iwe polepole," alisema. "Bandu bandu humaliza gogo. Anayekonda kwa pupa hunenepa kwa pupa."

Maneno mazuri, lakini Emilia alisikia moja tu: upungue. Mengine yalimpita juu ya kichwa. Mwenzangu, usimcheke. Njia ya kukonda aliyoijua yeye ilikuwa moja, na aliijua kwa macho yake. Alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyokuja baada ya Mjerumani na Mwingereza kupigana wakala ng'ombe na nafaka ya Ugogo yote. Kaka zake walizikwa nyuma ya boma. Yeye alibaki kwa sababu mama yake kila jioni alimsogezea fungu lake mwenyewe na kusema, "Kula wewe. Mimi nimeshakula." Alikuwa hajala. Tangu mwaka ule hakuna aliyeacha hata punje katika sufuria ya nyumba ile. Kilichopikwa kililiwa, kikaisha, na aliyekimaliza siku zote alikuwa Emilia.

Basi akaamua kujinyima. Alipika, akamtengea mama yake, akaketi mbele yake mikono mitupu.

"Mbona sikusikii ukitafuna?" aliuliza kikongwe.

"Mimi nimeshakula, mama. Nilionja onja jikoni."

Mikono ya Bibi Priska ilisimama juu ya bakuli. Emilia hakuliona hilo, kichwa kilikuwa kinamzunguka.

Yakawa mateso. Mchana kutwa alikunywa maji na kumeza mate. Jua likielekea kuzama njaa ilimshika shingoni, akajikuta amepiga magoti juu ya sufuria akikwangua ukoko kwa kucha, analia huku anatafuna. Kesho yake, kwa aibu, alijinyima zaidi. Mwili kweli ulipungua, nguo zikaanza kuning'inia. Lakini nguvu nazo zilikwenda, na siku moja alianguka kisimani pamoja na mtungi wake. Akina mama waliomwinua walinong'ona kwamba Sostenes bila shaka amepata mwanamke mwingine huko relini.

Asubuhi moja vidole vya mama vilipanda kutoka kwenye kiwiko vikakwama katikati. Vikashuka, vikapanda tena.

"Mkono umekwenda wapi?"

"Ni dawa, mama. Daktari kasema nipungue."

Kikongwe hakuamini. Ni daktari gani huyo wa kumwambia mtu akonde?

Tangu siku hiyo bakuli la Bibi Priska lilirudi tupu kabisa, na bado mashavu yake yalizidi kubonyea. Emilia alimuuliza kama anashiba. "Mimi nimeshakula, mwanangu," alisema mama yake, na Emilia akahisi baridi mgongoni chini ya jua la Dodoma. Sauti ilikuwa ile ile.

Akainua mkeka wa mama yake. Matonge yalikuwa pale chini, makavu, yamefungwa katika kipande cha kaniki. Kikongwe, kwa kusikia mkeka ukiinuliwa, alimkamata mkono na kumsukumia tonge kiganjani.

"Kula upesi, kabla wengine hawajaona. Najua Mtunya umerudi. Mnanificha kwa sababu sioni."

Emilia alipiga yowe. Alimshika mama yake, akamwongoza hadi kwenye kihenge, akauzamisha mkono wake ndani ya mtama mpaka kwapani. "Gusa, mama! Umejaa! Hakuna njaa!"

"Baba yako naye alijaza makapi chini akafunika mtama juu," alisema Bibi Priska kwa upole, "ili ninyi watoto msilie."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Emilia akamlazimisha kula, mama akafumba kinywa. Akasema atakula mkono wa binti yake ukirudi. Basi Emilia akala. Alikula ugali wenye samli mpaka jasho likamtoka, na mama yake, akisikiliza kwa furaha, akakubali uji kidogo. Jioni ile moyo wa Emilia ulipiga ovyo, midomo ikageuka rangi, na Sostenes aliyekuwa amerudi kutoka kazini alimshikilia ukutani akiita Mungu. Alikuwa mtu wa kuamrisha genge zima, na sasa alilia kama mtoto. Emilia akila, atakufa yeye. Asipokula, atakufa mama yake. Hapo sifa ya mke aliyenona ilimsaidia nini?

Pambazuko lilimkuta akimsukuma Emilia juu ya mkokoteni kuelekea mjini. Daktari Harshad alisikiliza hadithi yote, ya kisimani, ya matonge na ya kihenge.

"Nilikuambia upungue, sikukuambia ujiue kwa njaa," alisema. "Kula, mama. Kula kila siku, kwa utulivu. Njaa ikitulia, acha. Kitakachobaki kibaki."

"Kibaki?" aliuliza Emilia, kana kwamba ameambiwa avue nguo sokoni.

Siku ile jioni alipika mlenda na kunde, na ugali wa kiasi cha ngumi. Vyote akavitia katika bakuli moja. Akaketi ubavuni mwa mama yake, akakichukua kiganja chake kilichokauka na kukiweka juu ya taya lake mwenyewe. Akakata tonge, akala. Kikongwe alihisi taya likitafuna. Alihisi koo likimeza. Hakuna mtu anayeweza kudanganya hapo.

Akafungua kinywa naye.

Wakala hivyo, tonge la huyu na tonge la huyu, bila haraka. Njaa ya Emilia ikatulia. Ndani ya bakuli kulikuwa bado na ugali na mlenda wake, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuufuata. Utoto wake wote ulikuwa unamwambia chukua, kesho hakipo. Aliurudisha mkono, akaukalia.

"Nimeshiba, mama."

"Mwongo."

Emilia aliongoza vidole vya mama yake mpaka ndani ya bakuli. Viligusa ugali uliokuwa bado na joto. Vikashtuka, vikarudi.

"Hiki cha nani?"

"Si cha mtu. Kimebaki."

"Umeshiba, na kimebaki?"

"Kimebaki, mama."

Bibi Priska alizungusha vidole katika bakuli lile taratibu, ukingo hadi ukingo, na machozi yakatoka katika macho yasiyoona. "Wakati ule hakikubaki hata siku moja," alisema. Akaomba kawa, akafunika kwa mikono yake mwenyewe, na bakuli likalala kando ya mkeka wake.

Kulipokucha Emilia alikuja kupiga magoti. "Mbukwa, mama," alisema, akanyoosha mkono wake wa kushoto uliopungua.

Kikongwe aliusogeza kando.

"Lete bakuli," alisema. Akafunua kawa, akapapasa ndani, na uso wake ukatulia.