Maneno ya Bafuni

Mama Vipimo alianza kumshuku mumewe asubuhi aliyomsikia akinong'ona bafuni. Bomba lilikuwa linamwaga maji, lakini sauti ya mzee ilipenya, laini, kama ya mtu anayebembeleza: "Pazia... kengele..." Alipotoka alikuwa mkavu kabisa.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na sabuni," akajibu mumewe, fundi redio, akapita zake.

Jina la Mama Vipimo alipewa na wanafunzi. Alikuwa mwanasaikolojia hospitalini, na jioni alifundisha chuoni historia ya vipimo vya akili. Alizoea kusoma nyuso za watu. Sasa aliusoma wa mumewe, wala hakuupenda. Akimuuliza jambo mbele ya wageni, mzee anacheka kwanza, kisha anatafuta pa kutokea. Zaidi ya hayo, zipu ya mkoba wake yeye mwenyewe wa kazini, ambayo huiacha wazi kwa sababu inakwama, aliikuta imefungwa hadi mwisho.

"Wifi, hapo kuna mtu," dada wa mume alimwambia, akimenya vitunguu. "Kaka yangu namjua. Akiwa na siri, huoga sana."

Mama Vipimo alicheka, ila moyo haukucheka. Kesho yake akavua viatu, akajibanza kwenye mlango wa bafu, mwanamke mzima na shahada zake, sikio kwenye ubao.

"Pazia, kengele, mwanasesere, mto, chumvi."

Hayo yalikuwa maneno yake! Ndiyo aliyowasomea wazee waliokuja kupimwa kumbukumbu; anapiga nao soga kidogo, halafu anawataka wayarudie.

Akasukuma mlango. Mzee alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, nguo zote mwilini, kadi ya kipimo mkononi.

"Umeingia kwenye mkoba wangu."

"Na wewe umeingia kichwani mwangu," mzee akasema. "Unadhani sioni? Unaniuliza leo siku gani, kana kwamba nyumba haina kalenda. Unaniuliza nimekula nini, na umepika wewe. Unanipima, mke wangu."

Ni kweli, alikuwa akimpima.

"Miaka yote nakusikia ukijiandaa kufundisha pale sebuleni," mzee akaendelea. "Kwamba vipimo vililetwa ili watoto wanaochelewa darasani wasaidiwe. Halafu wakubwa wakavigeuza, wakavitumia kuwafungia watu shule, kazi, hata mipaka ya nchi. Si maneno yako hayo? Nikasema, huyu akiniona nimefeli, kesho ananifungia karakana, keshokutwa ananiwekea mlinzi."

"Ndiyo ukaamua kuibia mtihani."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mama Vipimo akakaa sakafuni, kwenye majimaji, na gauni lake la kazini.

"Mimi nilidhani una mwanamke."

Mzee akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka ndoo ikayumba. "Nimkumbuke kwa akili ipi?"

Mama Vipimo hakumpima mwenyewe. Alimpeleka kwa mwanasaikolojia mwenzake wa hospitali nyingine, akabaki nje kwenye benchi kama ndugu yeyote wa mgonjwa, akimshuku hata mwenzake kwa jinsi alivyofunga mlango taratibu. Mle ndani mzee alianza kwa kukiri kwamba maneno ya kipimo ameyaiba. Akapewa mengine. Akakumbuka mawili.

"Hii si hukumu," mwenzake aliwaambia wote wawili. "Tutapima na damu, tutapiga na picha ya ubongo. Karakana aendelee nayo, ila vitu vya umeme asivifungue peke yake. Na gari aliache kwanza."

Kwenye maegesho mzee aliushika ufunguo muda mrefu, kisha akauweka kwenye kiganja cha mkewe. Mama Vipimo hakuwahi kuweza kurudi nyuma kwa gari bila kutokwa jasho.

"Taratibu," mzee akamwelekeza, akiwa amejipindua kutazama kioo cha nyuma. "Huo ukuta hautakupisha."

Wakafika getini salama.

"Tunakata kulia au kushoto?" akauliza Mama Vipimo.

Mzee akamtazama kwa pembeni. "Njia huijui, au unanipima?"

"Nakupima," akasema Mama Vipimo.

Mzee akatazama kulia, kisha kushoto. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena.

"Kushoto," akasema hatimaye, na mkewe akakata kushoto.